Hodi Kabla ya Mlango Kuvunjwa: Haki ya Mwenye Nyumba Mbele ya Dola

Tarehe 12 Juni 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kauli moja ya majaji wake wote tisa, ilitoa uamuzi kuhusu familia moja ya kitongoji cha jiji la Atlanta, katika Jimbo la Georgia. Mwezi Oktoba 2017, kabla ya mapambazuko, maofisa wa Shirika la Upelelezi la nchi hiyo, FBI, walivunja mlango wa nyumba ya familia hiyo, wakarusha ndani bomu la kishindo na mwanga mkali, kisha wakaingia na bunduki mikononi. Watu wazima wawili walikimbilia ndani ya kabati la nguo. Mtoto wa miaka 7 alikuwa peke yake katika chumba kingine.

Maofisa hao walikuwa wamekosea nyumba. Mtuhumiwa waliyemtafuta aliishi kwingine, si mbali na hapo. Namba ya nyumba ilionekana kwenye sanduku la barua, lakini kiongozi wa msafara alikuwa ametegemea kifaa chake cha kuonyesha njia.

Familia ilipokwenda kudai fidia, mahakama za chini ziliitupa kesi. Uamuzi wa Juni 2025 haukusema kwamba serikali ilipe. Ulisema tu kwamba mahakama za chini zilifuata njia isiyo sahihi kisheria, na kwamba madai hayo yatazamwe upya. Zaidi ya miaka saba baada ya mlango kuvunjwa, waliokosewa walikuwa ndio kwanza wanapewa nafasi ya kuendelea kusikilizwa.

Tukio hili linaibua swali linalomhusu kila mwamini anayelala nyumbani mwake akiwa na watoto: ni lini dola ina haki ya kuingia katika nyumba ya mtu bila kubisha hodi? Nchini Marekani mjadala huu umedumu zaidi ya nusu karne na umegharimu maisha ya raia na ya askari pia. Yafaa kuutazama kwa makini, kwa kuwa ndani yake mna somo kuhusu utu wa mwanadamu, hadhi ya familia na mipaka ya mamlaka halali.

Hodi ni kanuni ya sheria

Sisi tuliolelewa katika mila za Kiswahili twajua kwamba mgeni hubisha hodi mara tatu, na asipojibiwa hurudi zake. Hodi humpa mwenye nyumba nafasi ya kujua ni nani aliye mlangoni, ya kujisitiri, ya kuwatuliza watoto na ya kujibu kwa hiari yake. Wengi hudhani kwamba hayo ni adabu tu, na kwamba mwenye amri ya serikali hahitaji adabu. Historia ya sheria inasema vingine.

Mwaka 1604 mahakama ya Uingereza iliamua shauri linalojulikana kama Shauri la Semayne. Shauri hilo hukumbukwa kwa kuifananisha nyumba ya mtu na ngome yake. Sehemu yake ya pili husahauliwa. Mahakama ilikubali kwamba ofisa wa mfalme mwenye hati halali anaweza kuvunja mlango, lakini kwanza hana budi kueleza sababu ya kuja kwake na kuomba afunguliwe. Basi tangu mwanzo heshima ya nyumba na wajibu wa kubisha hodi vilikwenda pamoja.

Wahamiaji waliivusha kanuni hiyo bahari hadi Amerika. Marekebisho ya Nne ya Katiba ya Marekani, yaliyoanza kutumika mwaka 1791, yanawalinda watu na nyumba zao dhidi ya upekuzi usio wa haki, na yanadai kwamba hati ya upekuzi itolewe kwa sababu ya kutosha, iliyothibitishwa kwa kiapo, huku ikitaja waziwazi mahali pa kupekuliwa na vitu vinavyotafutwa. Mwaka 1995, katika shauri la Wilson dhidi ya Arkansas, Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba kubisha hodi na kujitambulisha ni sehemu ya kipimo cha upekuzi wa haki.

Hata hivyo, kanuni hiyo ina milango ya nyuma. Mwaka 1997, katika shauri la Richards dhidi ya Wisconsin, Mahakama ilikataa hoja kwamba kila upekuzi wa dawa za kulevya waweza kufanyika bila hodi. Lakini ilikubali kwamba polisi wanaweza kuiacha hodi wakiwa na shaka ya msingi kwamba kubisha kutaleta hatari, hakutasaidia kitu, au kutampa mtuhumiwa nafasi ya kuharibu vielelezo. Mwaka 2003 Mahakama hiyohiyo iliona kwamba kusubiri sekunde 15 hadi 20 kabla ya kuvunja mlango kulitosha katika upekuzi wa kokeini, kwa kuwa muda huo unatosha kuitupa chooni. Mtu aliyelala fofofo hana hakika ya kuamka, kuvaa na kufika mlangoni kwa sekunde 20.

Mzizi wa desturi ya kuvamia bila hodi ni vita dhidi ya dawa za kulevya. Mwaka 1970 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyowaruhusu maofisa wa serikali kuu kuomba hati za kuingia bila hodi. Miaka minne tu baadaye, mwaka 1974, baada ya nyumba za watu wasio na hatia kuvamiwa kimakosa, zikiwemo nyumba za mji wa Collinsville, Illinois, Bunge liliifuta ruhusa hiyo. Lakini desturi haikufutika. Iliendelea katika majimbo na katika mahakama za kawaida, ikaenea pamoja na vikosi vya polisi vyenye silaha za kijeshi.

Usiku wa Louisville

Jina linalotajwa zaidi katika mjadala huu ni la Breonna Taylor, binti wa miaka 26 aliyekuwa akifanya kazi katika chumba cha dharura cha hospitali mjini Louisville, Jimbo la Kentucky. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Machi 2020, muda mfupi baada ya saa sita, polisi wakitafuta ushahidi wa biashara ya dawa za kulevya walivunja mlango wa nyumba yake. Jaji alikuwa ameidhinisha hati ya kuingia bila hodi. Polisi walisema kwamba hata hivyo walibisha na kujitambulisha. Majirani wengi hawakusikia wakijitambulisha. Mchumba wake, aliyekuwa na bunduki anayoimiliki kihalali, alidhani wamevamiwa na majambazi, akafyatua risasi moja iliyomjeruhi askari mguuni. Polisi walijibu kwa risasi 32. Breonna alikufa katika ukumbi wa nyumba yake. Hakuna dawa za kulevya zilizopatikana.

Yaliyofuata yalifichua jambo zito zaidi. Mwezi Agosti 2022 aliyekuwa mpelelezi wa polisi wa jiji hilo alikiri mahakamani kushiriki njama ya kuweka maelezo ya uongo katika hati ya kiapo iliyotumika kupata kibali kile. Kosa, basi, halikuanzia mlangoni. Lilianzia mezani, kalamu ilipoandika jambo lisilo kweli na hakimu akalisaini.

Haikuwa mara ya kwanza. Mwezi Novemba 2006, jijini Atlanta, polisi walivamia nyumba ya bikizee wa miaka 92 kwa hati ya kuingia bila hodi, iliyopatikana kwa kudanganya kuhusu mtoa habari wa siri. Mama huyo alifyatua risasi moja, nao wakafyatua 39. Alipokwisha kufa wakapandikiza bangi ndani ya nyumba yake ili waonekane walikuwa na sababu. Askari watatu walihukumiwa vifungo mwaka 2009.

Sheria moja, hukumu mbili

Mwenye nyumba aliyeshtuliwa usingizini ana haki gani? Katika majimbo mengi ya Marekani sheria inamruhusu kutumia nguvu dhidi ya anayevamia nyumba yake. Sheria hiyohiyo inamkataza kumdhuru askari aliye kazini. Mlango unapovunjwa gizani, mtu mmoja anasimama katikati ya sheria mbili, na ana sekunde chache za kuamua ni ipi inayomhusu.

Jimbo la Texas lilishuhudia matokeo yake mara mbili ndani ya miezi mitano. Mwezi Desemba 2013, katika Wilaya ya Burleson, mwenye nyumba alimpiga risasi na kumwua askari aliyeingia kabla ya mapambazuko kwa hati ya bila hodi. Wananchi walioteuliwa kuamua kama ashtakiwe kwa mauaji walikataa, wakiamini kwamba alidhani anavamiwa. Mwezi Mei 2014, katika mji wa Killeen, mwenye nyumba mwingine alifyatua risasi katika mazingira yanayofanana na hayo, na askari mmoja akafa. Huyu alikaa mahabusu kwa miaka mingi akisubiri kesi, na mwaka 2023 alipatikana na hatia ya mauaji, akahukumiwa kifungo cha maisha. Wa kwanza alikuwa Mzungu, wa pili Mmarekani mweusi. Kila kesi ilikuwa na ushahidi wake, na si kazi yetu kuyahukumu majopo hayo. Lakini haki inayotegemea kile ambacho watu kumi na wawili watakiamini baadaye juu ya sekunde chache za gizani si ulinzi wa kumtosha mtu.

Tusisahau pia kwamba katika matukio hayo mawili waliokufa ni askari. Nao walikuwa na familia zilizowasubiri asubuhi. Hodi ingewalinda hata wao, kwa maana mtu anayejua kwamba aliye mlangoni ni polisi ana sababu ya kuiweka bunduki chini.

Kuna tatizo jingine. Mwaka 2006, katika shauri la Hudson dhidi ya Michigan, Mahakama ya Juu iliamua kwa kura tano dhidi ya nne kwamba polisi wakivunja kanuni ya hodi, vielelezo walivyovipata bado vinaweza kutumika mahakamani. Mwenye nyumba anabaki na njia ya kudai fidia, njia ambayo familia ile ya Atlanta imeitembea kwa miaka. Haki ipo katika maandishi, ila anayeivunja hana cha kupoteza katika kesi yenyewe.

Kanisa linasema nini?

Maandiko Matakatifu yanalitambua jambo hili kwa namna ya kushangaza. Sura ya 24 ya Kumbukumbu la Torati, aya ya 10 na 11, inamwelekeza mtu aliyemkopesha mwenzake asiingie nyumbani mwake kuchukua rehani. Anatakiwa asimame nje na kumngoja mwenye nyumba amletee. Mdai ana haki kamili ya rehani yake, lakini haki hiyo haimpi ruhusa ya kuvuka kizingiti cha maskini. Kitabu cha Kutoka, katika sura ya 22, kinatofautisha mwizi anayevunja nyumba usiku na yule anayekutwa jua limekwisha kuchomoza: anayemwua wa kwanza hahesabiwi damu, anayemwua wa pili huhesabiwa. Torati ilijua kwamba giza na mshtuko hubadilisha uzito wa tendo. Na katika Kitabu cha Ufunuo, sura ya 3, Kristo Bwana mwenyewe, mwenye mamlaka yote mbinguni na duniani, anajionyesha akisimama mlangoni na kubisha.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Hati ya Lumen gentium, unaiita familia ya Kikristo Kanisa la nyumbani. Kwa hiyo nyumba ni zaidi ya mali. Ni mahali ambapo imani hurithishwa na wanyonge hulindwa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inafundisha katika namba 2237 kwamba wenye mamlaka ya kisiasa wana wajibu wa kuheshimu haki msingi za binadamu, na katika namba 1903 kwamba mamlaka hutumika kihalali pale tu yanapotafuta manufaa ya wote kwa njia zinazokubalika kimaadili. Kutafuta wauza dawa za kulevya ni lengo jema, kwani dawa hizo zinawaangamiza vijana wetu. Bali lengo jema halitakasi kila njia.

Katekisimu hiyohiyo, katika namba 2265, inakiri kwamba kwa mtu mwenye dhamana ya maisha ya wengine, kujilinda kunaweza kuwa wajibu mzito. Fundisho hili lina pande mbili. Linamhusu polisi anayemwokoa mateka, na linamhusu baba anayesimama kati ya watoto wake na mlango unaovunjwa. Sheria inayowakutanisha wawili hawa usiku, kila mmoja akiamini kwamba anatimiza wajibu wake, imewategea mtego wote wawili.

Hapo ndipo kipimo kinapopatikana. Wanaotetea uvamizi bila hodi wana hoja ya kweli: wapo wahalifu wenye silaha nzito, na wapo mateka ambao sekunde moja ya tahadhari ingewaua. Katika hali hiyo kuiacha hodi kunalinda uhai, na dhamiri ya Kikristo yaweza kuridhia. Lakini sababu ya pili, ile ya kuzuia vielelezo visitupwe chooni, ni ya daraja jingine kabisa. Dola inaweza kuiacha hodi ili kuokoa uhai. Haiwezi kuiacha ili kuokoa kielelezo. Gramu chache za unga zikipotea, kesi moja imepotea. Mama akipigwa risasi ukumbini, hakuna mahakama itakayomrudisha.

Wapo waliofikia hitimisho hilo kwa njia ya sheria. Halmashauri ya jiji la Louisville ilipiga marufuku hati za bila hodi mwezi Juni 2020, kwa sheria iliyopewa jina la Breonna. Jimbo la Virginia lilifuata mwaka huohuo. Mwezi Septemba 2021 Wizara ya Sheria ya Marekani iliwaelekeza maofisa wake wasiingie bila hodi isipokuwa kuwe na sababu ya kuamini kwamba kubisha kutaleta hatari ya dhahiri kwa maisha au mwili wa mtu. Hofu ya kupoteza vielelezo peke yake haikutosha tena.

Jambo hili na sisi

Kentucky si mbali kama inavyodhaniwa. Louisville imepokea wakimbizi wengi kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na miongoni mwao wapo wanaosali na kuimba kwa Kiswahili. Wengi walikimbia nyumba zilizovunjwa usiku na watu wenye bunduki. Kwa mtu wa historia hiyo, kishindo mlangoni si jambo la kubahatisha maana yake.

Nchi zetu nazo zilirithi sheria za mwenendo wa jinai kutoka kwa Mwingereza, na kanuni ya hodi ikaja nazo. Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania inalinda maskani ya mtu na unyumba wake. Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya inamhakikishia mtu kwamba nyumba yake haitapekuliwa ovyo. Sheria ya Kenya ya mwenendo wa mashauri ya jinai inamruhusu askari kuvunja mlango baada ya kueleza mamlaka yake na kusudi lake, kuomba kuingia na kukataliwa, na inaagiza hati ya upekuzi itekelezwe kati ya macheo na machweo isipokuwa mahakama imeruhusu saa nyingine. Hata hivyo, mwezi Agosti 2017, katika vurugu za baada ya uchaguzi, mtoto mchanga wa miezi sita aliumizwa vibaya mjini Kisumu polisi walipoingia kwa nguvu nyumbani kwao, akafariki dunia. Sheria nzuri iliyofungiwa kabatini haimlindi mtoto.

Kwa sababu hiyo ni vyema waamini wajue mambo machache. Askari anapofika, mwenye nyumba anaweza kuomba kwa upole aonyeshwe kitambulisho na hati, na asome kama jina, mahali na vitu vinavyotafutwa vimetajwa. Akiona hati haipo, anaweza kusema waziwazi kwamba hakubali upekuzi, lakini asipambane kwa mikono wala silaha. Zipo hali ambapo sheria inaruhusu upekuzi bila hati, na mahali pa kubishania hilo ni mahakamani. Aombe awepo shahidi asiye upande wowote, kama vile kiongozi wa mtaa au jirani. Vitu vikichukuliwa, aombe orodha na stakabadhi, asome kabla ya kusaini. Baadaye aandike saa, majina na yaliyotendeka, kisha amtafute mwanasheria au Kamati ya Haki na Amani ya parokia.

Kamati hizo na Jumuiya Ndogondogo za Kikristo zaweza kumwalika mwanasheria jioni moja ili aeleze haki hizi kwa lugha nyepesi. Zimwalike na askari, kwa kuwa askari wengi ni waparokia wenzetu, nao hutumwa kazi ambazo hawakuzipanga. Pia tuwaombee mahakimu, ambao saini yao hufika mlangoni kabla ya buti la askari. Amri ya nane inakataza ushahidi wa uongo, na hati ya kiapo inayopelekwa kwa hakimu ni ushahidi mbele ya Mungu. Hakimu anayeuliza swali moja zaidi kabla ya kusaini, na askari anayeisoma tena namba ya nyumba kabla ya kushuka garini, wanaweza kuwa wameokoa familia nzima usiku huo.